"Nilikuwa Namsubiri Baba Aje": Uongozi Tunaoukataa Nyumbani

SEHEMU YA 1

 

Mlionizoea mnajua huwa naandika mambo ya kunyonyesha, chanjo na uji wa mtoto. Wiki hii mnivumilie. Naandika nina hasira. Nimetoka zamu ya usiku, nimeoga, nimekunywa chai, nimelala kitandani nikitazama bati. Usingizi umegoma.

Juzi nimetumiwa tangazo kwenye simu. Semina ya uongozi kwa wanawake, ukumbini Dodoma mjini, chakula cha mchana kipo, cheti kipo. Kiingilio chake mama wa huku Bahi auze madebe ya mpunga ndiyo akipate, na nauli ya kilomita hamsini na kitu bado. Sina ugomvi na semina. Mwenye pesa yake aende. Ugomvi wangu ni hilo wazo lililoko nyuma yake, kwamba uongozi uko mjini, unauzwa ukumbini, na sisi wa huku tusubiri tuletewe.

Ngoja niwasimulie kilichoninyima usingizi. Nimebadilisha mambo madogo madogo ili mhusika asijulikane.

Aliletwa mama kwa bodaboda, saa nane usiku. Amekaa katikati, dereva mbele, mama mkwe nyuma amemshikilia asidondoke. Mimba ya tatu, wiki ya 34. Njiani alishapata degedege mara mbili. Tukampima presha, namba iliyotoka sitaiandika hapa, nitawatisha bure. Kifafa cha mimba. Tukamchoma sindano ya magnesiamu, tukampa dawa ya kushusha presha, tukahangaika naye mpaka jogoo wa jirani wakawika. Mama tumempata. Mtoto, tulipoweka kifaa tumboni kusikiliza moyo, tulisikia kimya.

Kesho yake jioni akawa anaongea vizuri. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Nikamuuliza, mdogo wangu, kichwa kilianza lini kuuma? Akasema Jumanne. Aliletwa usiku wa Alhamisi. Na macho? Akasema tangu Jumatano anaona kama nyota nyota.

Nikamuuliza kama kliniki walimfundisha dalili za hatari. Jamani, alinitajia zote! Kutokwa damu, kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, kuvimba uso na mikono, homa kali, degedege, chupa kupasuka kabla ya uchungu, mtoto kuacha kucheza. Kanitajia kama mtoto anayesoma shairi mbele ya darasa.

Nikasema sasa mbona hukuja?

Akaangalia ukutani. Akasema, "Nilikuwa namsubiri baba aje."

Baba alikuwa amepeleka ng'ombe mnadani. Simu haipatikani. Mama mkwe naye akasema tusifanye jambo mwenyewe hayupo. Hela ilikuwepo ndani, mama anajua ilipo. Bodaboda yupo, ni mtoto wa jirani. Elimu ilikuwepo kichwani, dalili zote nane. Kilichokosekana ni mtu wa kusema, "Tunaenda."

Ndiyo maana nina hasira. Wala si kwa yule mama. Nina hasira na sisi wote tuliomlea mpaka akafika umri ule, na akili ile, na bado hajui kwamba anaruhusiwa kuamua juu ya mwili unaomuuma yeye.

Tuendelee kesho, niko zamu.

SEHEMU YA 2

Nimepata ujumbe mwingi. Wengine mnasema, "Nesi, hayo ni mambo ya ndoa, hayana uhusiano na uongozi." Haya, tuongee taratibu.

Kiongozi ni nani? Ukiuliza mtaani utaambiwa ni diwani, mwenyekiti wa kijiji, mkurugenzi, mtu wa kukaa meza kuu. Mi nakwambia, kiongozi ni mtu anayeona jambo, akalipima, akakata shauri, akawaambia wenzake, halafu akakubali kubeba matokeo. Hayo matano tu. Sasa niambie, kati ya hayo matano, lipi halikuhitajika kwenye ile nyumba siku ya Jumanne?

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika jambo ambalo sisi wauguzi tunafundishwa chuoni mpaka leo. Walisema mama anayefariki kwa uzazi mara nyingi amekutana na ucheleweshaji wa aina tatu. Wa kwanza ni kuchelewa kuamua kwenda kutafuta huduma. Wa pili ni kuchelewa kufika. Wa tatu ni kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Angalia mpangilio huo. Kabla ya barabara, kabla ya gari, kabla ya dokta, kuna kuamua. Na kuamua hakufanyiki hospitali, kunafanyika jikoni na chumbani.

Nchi yetu imejitahidi, lazima niseme ukweli. Utafiti wa kitaifa wa afya ya mama na mtoto wa 2015/16 ulionyesha vifo 556 vya akina mama katika kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa 2022 ukaonyesha 104. Wanaojifungulia kwenye vituo vya huduma walikuwa asilimia 63, wakafika asilimia 81. Hayo hayakudondoka kutoka mbinguni. Vituo vimejengwa, wahudumu wameongezwa, barabara zimechongwa.

Ila hizo 104 zilizobaki ni kina mama, na ukifanya kazi wodini unawajua kwa sura. Kituo kikijengwa karibu zaidi, barabara ikiwekwa lami mpaka mlangoni, bado kuna kitu serikali haiwezi kukujengea. Haiwezi kuja saa mbili usiku kukaa kwenye kigoda chako ikasema, mama, inuka twende.

Na kwa huku kwetu siku moja ya kusubiri ni kubwa kuliko sehemu nyingine. Wa mjini hawaelewi. Masika, korongo ambalo jana umevuka kwa miguu, leo linapitisha maji yanayobeba magogo. Mbuga ya Bahi ikijaa, kuna vitongoji vinageuka visiwa. Mama aliyeamua Jumanne asubuhi anavuka. Mama huyohuyo akiamua Jumatano jioni, anakaa ng'ambo anaangalia maji. Halafu msibani tunasema ni mapenzi ya Mungu. Mungu alimpa Jumanne nzima.

Najua kuna mtu ana jibu tayari: "Nesi, unatulaumu sisi, kumbe matatizo yako kwenu. Tukifika mnatufokea, dawa tunaambiwa tukanunue, gari la wagonjwa halina mafuta." Kweli. Ucheleweshaji wa pili na wa tatu ni wa serikali na wa kwetu sisi watoa huduma, na kesho naanza na mimi mwenyewe. Sitajificha nyuma ya sare.

SEHEMU YA 3

Leo ya kwangu. Haya sijawahi kuyaandika.

Nilikuwa na miezi michache kazini, diploma yangu bado inanukia wino. Ni kituo kimoja nilichofanyia kazi zamani, sitakitaja na si hapa. Kuna binti alijifungua salama, mtoto wake wa kwanza, umri kama miaka ishirini. Mtoto kalia vizuri, kondo limetoka. Nikawa namuangalia.

Nikaona kitenge alicholalia kinalowa. Si damu ya kububujika, ni ile inayotoka polepole bila kukoma, kama bomba lisilofungwa vizuri. Nikampima mapigo ya moyo, yanakimbia. Nikamwambia mkubwa wangu wa zamu. Akajibu bila kugeuka, "Ni kawaida hiyo, wewe umemaliza chuo juzi."

Unajua nilifanya nini? Nilisema "sawa", nikaenda kujaza mafaili.

Nilijua. Nilikuwa nimesoma na nimefaulu mtihani wa jambo lilelile. Mikono yangu ilijua, macho yangu yaliona. Lakini nililelewa vizuri sana. Nililelewa kwamba mkubwa akishasema, umemaliza. Nyumbani ukiuliza swali mara ya pili unaambiwa una mdomo. Shuleni ukinyoosha kidole kumwambia mwalimu amekosea hesabu ubaoni, unajitafutia fimbo. Nikaenda chuo na heshima ile, nikaenda kazini na heshima ile, na siku ile heshima ile ikanifunga mdomo.

Baada ya kama dakika arobaini binti akawa amepauka, mikono ya baridi. Ndipo kila mtu akakimbia. Ndugu wakatoa damu. Alipona, namshukuru Mungu. Ila kizazi kilitolewa. Miaka ishirini, mtoto mmoja, basi.

Sasa mnaelewa kwa nini sikuweza kumhukumu yule mama wa Jumanne? Yeye alikuwa na kadi ya kliniki, mimi nilikuwa na diploma. Wote tulijua. Wote tulimsubiri mkubwa.

Kwa hiyo naposema uongozi ni jambo la kujifunza, sisemi kwa kusoma kitabu. Nilijifunza kwa aibu, na nilijifunza kidogo kidogo. Nilianza na kusema namba kwa sauti. Badala ya kusema "dada, naona kama hayuko sawa", nasema "mapigo ni 120, kitenge cha pili kimelowa". Namba haina utovu wa adabu. Halafu nikajifunza sentensi tatu, nimezishika mpaka leo: hiki ndicho ninachokiona, hiki ndicho ninachokihofia, hiki ndicho ninachokiomba kifanyike sasa. Mara ya kwanza nilizisema huku magoti yanagongana. Mara ya ishirini hayakugongana.

Nyumbani pia nilijipima. Kumwambia muuza nyama mizani yake si sahihi. Kumkatalia ndugu anayekopa harejeshi. Kumwambia mume wangu, "Hapo sikubaliani na wewe, na nakuheshimu." Mnacheka? Mdomo ulioshindwa kuongea na muuza nyama hautafunguka mbele ya dokta saa tisa usiku.

Na si mimi peke yangu. Kuna mradi wa Safer Births uliofanyika hapahapa Tanzania, ukiratibiwa na Hospitali ya Haydom kule Manyara, kwenye vituo 30 vya mikoa 5. Kazi yake kubwa ilikuwa wakunga kufanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale wodini, kwa sanamu ya mama na ya mtoto, wakisahihishana wenyewe kwa wenyewe. Hawakukaa hotelini wiki nzima. Matokeo yalitangazwa 2025: vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa kama asilimia 40. Mikono ileile, majengo yaleyale, ila watu wamezoea kuchukua hatua kwa sababu wamejaribu mara nyingi siku ambayo hakuna anayekufa.

Hilo ndilo nataka ulibebe leo. Ujasiri wa siku kubwa unafanyiwa mazoezi siku ndogo.

Na kwa mama yeyote ambaye mimi au mwenzangu alikufokea leba mpaka ukaogopa kurudi: nisamehe. Ukimfokea mama anayeuliza, unamfundisha kwamba siku nyingine asiulize. Sisi nasi tunazalisha ukimya, halafu tunaulaumu ukishakomaa.

SEHEMU YA 4

Leo nina habari njema. Hamuanzii sifuri.

Kuna mtu ataniambia, "Mwanamke wa kijijini uongozi atautoa wapi, hajasoma." Haya, nenda Alhamisi au Jumapili chini ya mti wowote wilaya hii, ukute kikundi cha kuweka na kukopa. Kuna sanduku la bati lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti ili asiwepo mmoja wa kufungua peke yake. Mama mmoja anaita majina. Mwingine anahesabu hisa mbele za watu. Aliyechelewa analipa faini, hata awe wifi wa mwenyekiti. Anayeomba mkopo anasimama anaeleza ataufanyia nini na atarudisha lini, na wenzake wanamhoji mpaka jasho linamtoka. Mwisho wa mwaka wanagawana, kila mtu anajua chake, mara nyingi bila daftari la maana, kwa kumbukumbu ya kichwa tu.

Hiyo ni bajeti. Ni uwazi. Ni nidhamu. Kuna ofisi za watu waliosoma hazina kufuli tatu.

Sasa swali langu kwa mshika funguo. Umeaminiwa pesa ya watu thelathini. Kwa nini ukirudi nyumbani huaminiki kukata shauri la kichwa chako mwenyewe kinachouma? Na vibaya zaidi, kwa nini wewe mwenyewe hujiamini?

Twende kwenye ngoma. Huku Ugogo ngoma za muheme wanapiga kina nani? Wanawake! Wageni wakija wanashangaa, sehemu nyingi ngoma ni ya wanaume. Mama anaibana katikati ya mapaja anaipiga, wenzake wanamfuata, mmoja akipoteza mwendo kiongozi anamrudisha bila kusimamisha ngoma. Hakuna anayesema wale kina mama wamekosa adabu. Kwa hiyo tunajua kuongoza. Tunajua kabisa. Tumekubaliana tu, bila kuandikiana, kwamba ni ruhusa kwenye ngoma na ni kosa kwenye uhai.

Mnamjua Bibi Titi Mohamed. Mwaka 1955 TANU ilipotaka kuwaingiza wanawake kwenye harakati za uhuru, ilimpata yeye, Dar es Salaam. Hakuwa na shahada. Alikuwa na elimu ya msingi ya miaka michache na madrasa, na alikuwa mwimbaji kiongozi kwenye kikundi cha ngoma cha wanawake. Akaanza kupita kwenye vikundi vya ngoma, kwa wauza vitumbua, kwa wapika pombe. Ndani ya miezi michache maelfu ya wanawake wakachukua kadi. Wapi alijifunza kuita watu wakaitika? Kwenye ngoma. Wapi alijifunza kusimama mbele ya umati bila kutetemeka? Hukohuko. Siasa ilimkuta ameshaiva.

Na wewe umeshaiva sehemu fulani. Pengine ni kwaya. Pengine ni jumuiya ndogo ndogo, au madrasa, au genge lako la nyanya pale stendi, au shamba la mpunga ambalo unajua siku ya kupanda kuliko bwana shamba. Kazi iliyobaki ni kuubeba huo uwezo kutoka pale uliporuhusiwa, kuupeleka pale unapohitajika.

SEHEMU YA 5 (ya mwisho)

Baba mmoja kaniandikia, na nimemheshimu kwa sababu kaandika kwa adabu. Anasema, "Nesi, mafundisho haya yatavunja ndoa. Nyumba haiwezi kuwa na vichwa viwili."

Shikamoo baba. Naomba nikujibu kwa swali. Ukisafiri, ng'ombe wakaingia kwenye shamba la jirani, unataka mkeo akusubiri urudi ndiyo wafukuzwe? Nyumba ikishika moto, akupigie simu kwanza? Utasema hapana, afanye haraka. Vizuri. Sasa kama umemruhusu kuokoa ng'ombe na nyasi za paa, mruhusu aokoe na yule aliyebeba mtoto wako. Sijasema asikuheshimu. Nimesema ruhusa uitoe mapema, kabla hujafunga safari. Kichwa cha nyumba kinachofikiri kinapanga na siku ambayo chenyewe hakipo.

Na wewe mama mkwe, bibi yangu, shikamoo sana. Nguvu unayo kuliko serikali ya kijiji. Usiku ule ungesema neno moja tu, mama angekuwa hospitali Jumanne. Wewe umezaa saba, umezika wawili. Unajua uchungu wake. Usiwe mlinzi wa utaratibu uliokuumiza mwenyewe.

Nimechoka na posti za "amini ndoto zako". Haya hapa ni ya kufanya kwa mikono.

Kwanza, kikao cha jioni moja. Mimba ikifika miezi saba, kaeni, baba, mama, na mama mkwe kama mnaishi naye. Zimeni redio. Jibuni maswali haya, na jibu liwe jina la mtu, lisiwe "tutaona". Baba asipokuwepo, nani anasema twende? (Jibu ni mama mwenyewe, na akizidiwa, jirani fulani, kwa jina.) Pesa ya dharura iko wapi, na nani mwingine anajua? Chombo cha usafiri ni cha nani, namba yake ipo kwenye simu ya nani? Nani atabaki na watoto? Nani atakubali kutoa damu? Masika yakiwa karibu na mko ng'ambo ya korongo, je, mama asogee mapema kwa ndugu aliye karibu na kituo? Semeni kwa sauti, mbele ya mama mkwe, "Ukiona dalili yoyote, ondoka, usinisubiri." Baba, sentensi hiyo ni kubwa kuliko kitenge cha Krismasi.

Pili, andika 115 ukutani kwa mkaa kama huna kalamu. Ni namba ya bure ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na vichanga. Rais Samia aliuzindua kitaifa hapahapa Dodoma, Aprili 2022. Gari la wagonjwa likikosekana, kuna madereva wa kijamii walioandikishwa na serikali ndiyo inawalipa. Usingoje dharura ndiyo uanze kuuliza namba.

Tatu, ukifika mapokezi usiseme "naumwa" ukakaa benchi. Tumia zile sentensi tatu. "Nina mimba ya wiki 34. Kichwa kinauma tangu jana na naona maluweluwe. Naogopa presha. Naomba nipimwe sasa hivi." Ukifokewa, rudia palepale, kwa sauti ileile. Fanya mazoezi leo ukiwa unakoroga ugali. Mwambie mwanao awe nesi mkali.

Nne, watoto. Hapa ndipo nataka mnielewe zaidi, kwa sababu wewe na mimi pengine tumeshachelewa kidogo. Binti wa miaka saba akikuambia "mama, umenirudishia chenji pungufu", usimwambie ana mdomo. Hesabu naye. Akikosea, mwonyeshe. Akiwa sahihi, mbele ya wadogo zake sema, "Umeniokoa." Mpe jambo dogo liwe lake kabisa, kuku watatu au tuta la mchicha. Akiuza vibaya, ameuza vibaya, aje akueleze kwa nini. Na wa kiume mfundishe kusikia "hapana" kutoka kwa dada yake bila kupigana. Yule baba wa mnadani naye alilelewa na mama. Alifundishwa kwamba kila kitu kinamsubiri yeye, na leo amerudi nyumbani kukuta kitanda cha mtoto hakina mtoto. Msidhani yeye hajaumia. Nimemuona analia nyuma ya jengo, ameegemea ukuta, kofia imefunika uso.

Tano, toka nyumbani. Ukishajua kukata shauri la kichwa chako, nenda mkutano wa kijiji. Sheria inataka angalau robo ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji wawe wanawake. Hizo nafasi zikikaliwa na mtu wa kuitikia "sawa" tu, ni viti vimejaa na hakuna mtu. Uliza gari la wagonjwa linatengewa mafuta lini. Uliza kamati ya zahanati ilikaa lini na nani anawawakilisha kina mama. Kikundi chenu kikiwa kimesajiliwa, ulizeni ile asilimia 4 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri inapaswa kuwakopesha wanawake bila riba. Tuulizeni na sisi manesi maswali magumu. Tutanuna. Tutazoea.

Ucheleweshaji wa kwanza ni wetu nyumbani, huo wa pili na wa tatu tutauondoa tukiwa tumejifunza kusema. Aliyeshindwa kuongea jikoni hatauliza kwenye mkutano, na viongozi wanalijua hilo vizuri sana.

Yule mama aliruhusiwa jana. Wakati anafunga mzigo wake aliniita. Akasema, "Dada nesi, nikibeba tena, nitakuja hata kama ni wewe utanifukuza." Mume wake alikuwa amesimama mlangoni, ameshika ndoo na kanga. Akasema, "Asinisubiri. Nimeshamwambia."

Akarudia tena, safari hii akimtazama mama yake: "Asinisubiri."

Nimelala vizuri jana. Leo jioni, mama, kabla hamjazima taa, muulize mwenzako lile swali la kwanza. Usipokuwepo, nani anasema twende?